Kwa nini Japani ilivunja idara yake ya usalama wa nyuklia na kuanza upya?

Je, wajua kwamba siku 4 kabla ya tsunami kuvamia kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, kampuni inayokimiliki iliwaonyesha maofisa wa serikali hesabu za wimbi la zaidi ya mita 15? Ilikuwa tarehe 7 Machi 2011. Wala hesabu hizo hazikuwa mpya. Kampuni yenyewe, TEPCO, ilizipata mwaka 2008: mita 15.7. Ikaona zinahitaji kuchunguzwa zaidi, miaka ikapita. Kituo kilikuwa kimeandaliwa kuhimili wimbi la takriban mita 6. Tarehe 11 Machi tetemeko kubwa la ardhi likatokea, na bahari ikaja na mita 14 hadi 15.

Jenereta nyingi za dharura zilikuwa vyumba vya chini kabisa vya majengo, na maji yalizikuta huko huko. Bila umeme, pampu za kupoza vinu zilisimama. Viini vya vinu 3 vikayeyuka, haidrojeni ikalipua majengo, na zaidi ya watu 150,000 wakahama makwao. Jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi, iliendelea kunguruma, na hiyo ndiyo iliyoviokoa vinu namba 5 na 6.

Kampuni kuchelewesha habari itakayoigharimu mabilioni si ajabu. Ndiyo maana kila nchi yenye vinu huweka mdhibiti: chombo cha serikali kinachotoa leseni, kinachokagua, na chenye mamlaka ya kusema zima mtambo. Japani ilikuwa na chombo hicho, tena chenye mamia ya wafanyakazi. Kiliitwa NISA na kilianzishwa mwaka 2001. Sasa kilishindwaje?

Jibu la haraka ambalo utalisikia kila mahali ni kwamba hakikuwa huru. NISA ilikuwa chini ya Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda, wizara ile ile iliyopewa kazi ya kueneza nishati ya nyuklia ndani ya nchi na kuiuza teknolojia yake nje. Kwa Kiswahili tunasema kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Maofisa walihamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, leo yuko usalama wa vinu, kesho yuko idara inayotangaza vinu. Na wakistaafu, kampuni za umeme zilikuwa na viti vya kuwapokea. Januari 2011, miezi miwili kabla ya maafa, aliyekuwa mkuu wa wakala wa nishati wa wizara hiyo, wakala ambao NISA ilikuwa chini yake, aliingia TEPCO kama mshauri.

Matunda ya mpangilio huo yalionekana mapema. Mwaka 2000 mkaguzi aliyewahi kufanya kazi katika vinu vya TEPCO aliiandikia serikali kwamba rekodi za ukaguzi zimeghushiwa, nyufa zimefichwa. Serikali ilichukua miaka miwili kuliweka jambo hilo hadharani, na katikati ya safari hiyo jina la mtoa habari likaifikia kampuni aliyoishtaki. Ukweli ulipotoka, TEPCO ililazimika kuzima vinu vyake vyote 17 kwa ukaguzi kufikia Aprili 2003. Hakuna aliyeivunja NISA kwa hilo. Baadaye, mwaka 2011, iligundulika kwamba NISA yenyewe iliwahi kuziomba kampuni za umeme zipeleke watu wao kwenye mikutano ya hadhara, wakae kama wananchi wa kawaida na kuuliza maswali ya kuunga mkono nyuklia. Kampuni moja, Chubu Electric, ilikataa kuandaa maswali hayo. Yaani mkaguliwa alikuwa na haya kuliko mkaguzi!

Hata hivyo, mimi naona uhuru ni nusu tu ya jibu, na pengine ndiyo nusu nyepesi. Nusu nyingine ni ujuzi.

Miongozo ya usalama ya Japani ya mwaka 1990 ilisema hakuna haja ya kufikiria umeme wote kukatika kituoni kwa muda mrefu, kwa kuwa nyaya za gridi zingetengenezwa haraka au jenereta zingefanya kazi. Miaka michache baadaye kikosi cha wataalamu chini ya Tume ya Usalama wa Nyuklia, chombo kingine cha serikali kilichotakiwa kuwa jicho la pili, kilipitia suala hilo. Wakubwa wa kikosi waliziomba kampuni za umeme, TEPCO ikiwamo, ziandike sababu za kwa nini kujiandaa kwa dakika 30 bila umeme kunatosha. Hapo hatuzungumzii rushwa wala vitisho. Tunazungumzia mdhibiti ambaye hoja zake za kiufundi anaandikiwa na anayemdhibiti. Mwaka 2011 Fukushima haikukaa gizani dakika 30. Ilikaa siku kadhaa.

Uhusiano wa namna hiyo haumalizwi kwa kubadilisha wizara. Hesabu za tsunami zilikuwa mezani kwa TEPCO kwa sababu TEPCO ndiyo iliyokuwa na wahandisi, programu za kompyuta na fedha za kuzifanya. NISA ingeweza kuziomba, kuzikagua, au kuzirudia yenyewe. Mwaka 2009, katika kikao cha kupitia usalama wa kituo hicho, mtaalamu wa matetemeko Yukinobu Okamura alikumbusha kuhusu tetemeko la Jogan la mwaka 869, ambalo tsunami yake iliacha mchanga mbali ndani ya nchi kavu kwenye pwani ile ile. Alisikilizwa, ikaandikwa, kazi ikaendelea. Afisa anayejua kwamba miaka miwili ijayo atakuwa idara nyingine hana sababu ya kuumiza kichwa na mchanga wa karne ya 9.

Kuna wanaosema kampuni nzuri haihitaji mkaguzi mkali, na wana mfano wa kuuonyesha. Kituo cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima, na tsunami ya takriban mita 13 ilikifikia. Kilisalimika. Kilijengwa kwenye kimo cha karibu mita 15 kwa sababu mhandisi mmoja wa kampuni ya Tohoku Electric, Yanosuke Hirai, alishikilia tangu zamani kwamba bahari ya huko haichezewi, hata wenzake walipoona anazidisha gharama. Huo ni mfano mzuri wa mtu, lakini si mfano wa mfumo. Tohoku Electric ilimpata Hirai, TEPCO haikumpata, na sheria za Japani zilikubali vituo vyote viwili sawasawa.

Julai 2012 tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani, chini ya Kiyoshi Kurokawa, ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba maafa yale yalitengenezwa na binadamu, na kwamba wadhibiti walikuwa wametekwa na waliopaswa kudhibitiwa. Aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa Japani tangu miaka ya 1990 ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Usalama wa Nyuklia, ambao kifungu chake cha 8 kinataka kazi za mdhibiti zitenganishwe kikweli na za wale wanaoendeleza nyuklia. Mwaka 2007 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomu, IAEA, walikuja kupitia mfumo wake na kushauri majukumu ya vyombo vya usalama yafafanuliwe. Ushauri ulipokelewa kwa adabu.

Septemba 2012 NISA na ile Tume ya Usalama zikafutwa, ikaundwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, NRA. Iliwekwa upande wa Wizara ya Mazingira, lakini kwa hadhi ya tume inayojiamulia. Ina makamishna 5 wanaoteuliwa na waziri mkuu kwa ridhaa ya mabaraza yote mawili ya Bunge, na waziri hawezi kuwapa amri kuhusu leseni. Sheria ikaweka kanuni ya kutorudi: anayehamia NRA hatarudishwa wizara zinazoendeleza nyuklia, ingawa kulikuwa na kipindi cha mpito cha miaka 5. Na mwaka 2014 shirika la kiufundi lililokuwa nje, JNES, likaunganishwa na NRA ili wahandisi na watoa maamuzi wakae nyumba moja. Kwangu hatua hiyo ya mwisho, ambayo magazeti hayakuipa uzito, ilikuwa na maana kubwa kuliko kubadilisha wizara.

Je, ilisaidia? Viwango vipya vilianza Julai 2013. Kutoka Septemba mwaka huo hadi Agosti 2015 hakuna kinu hata kimoja kilichozalisha umeme Japani, nchi iliyokuwa na vinu 54 kabla ya maafa. Mwaka 2021 NRA iliizuia TEPCO kuendesha kituo cha Kashiwazaki-Kariwa kwa sababu ya uzembe wa ulinzi, na haikulegeza hadi Desemba 2023. Kisha Novemba 2024 ikafanya jambo ambalo halijawahi kutokea tangu iundwe: ikakinyima kibali kinu namba 2 cha Tsuruga, kwa kuwa haikuwezekana kuthibitisha kwamba ufa wa ardhi chini yake umelala, yaani hautasogea tena. Katika uchunguzi huo ilibainika mwaka 2020 kwamba kampuni husika ilikuwa imebadilisha maelezo ya sampuli za miamba. Kuligundua hilo kunataka watu wanaoweza kusoma sampuli za miamba, wala si wanasheria peke yao.

Lakini nisiipake rangi sana. Mwaka 2023 NRA ilipopitisha mfumo mpya wa kuruhusu vinu kutumika zaidi ya miaka 60, kura zilikuwa 4 kwa 1, na aliyepinga, mwanajiolojia Akira Ishiwatari, alisema mabadiliko hayo hayakutokana na ujuzi mpya wa kisayansi wala hayaongezi usalama. Kabla ya hapo ilifichuka kwamba maofisa wa sekretarieti ya NRA walikuwa wakikutana kimyakimya na watu wa wakala wa nishati kuhusu sheria hiyo. Wakuu wa sekretarieti wakati huo? Walitokea wizara ile ile ya zamani.

Wamarekani walipitia njia hii mapema. Tume yao ya Nishati ya Atomu ilikuwa ikikuza na kukagua kwa pamoja hadi Bunge lilipoigawa kwa sheria ya mwaka 1974, na mdhibiti mpya, NRC, akaanza kazi Januari 1975. Miaka 4 baadaye kiini cha kinu cha Three Mile Island kikayeyuka kwa sehemu. Kugawa ofisi kulifanyika kwa siku moja. Kuwapata wakaguzi wanaokaa kituoni kila siku na kumwelewa mwendeshaji anaposema "kila kitu kiko sawa" kulichukua miaka.

Nchi inayoanza sasa haina miaka 50 ya kujifunza kwa majeraha. Umoja wa Falme za Kiarabu ulilitambua hilo na ukanunua uzoefu. Mamlaka yake ya udhibiti, FANR, iliundwa mwaka 2009, kabla ya mkataba wa kujenga kituo cha Barakah kusainiwa na Wakorea Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu wa kwanza alikuwa William Travers, Mmarekani aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa shughuli za NRC, na wataalamu wengi wa mwanzo walitoka nje huku vijana wa nchi wakifundishwa. Kinu cha kwanza kilitarajiwa kuwaka mwaka 2017. Leseni ya kukiendesha ilitoka Februari 2020, kwa kuwa waendeshaji walionekana hawajawa tayari. Mtambo wa gharama kubwa kuchelewa miaka mitatu bila kuuza umeme ni hasara ambayo mwanasiasa yeyote angetamani kuiepuka kwa simu moja. Ila njia ya kununua wataalamu inahitaji mfuko mzito, na mgeni anayeishi kwa mkataba anaweza kukataliwa mkataba.

Kwetu Afrika Mashariki sheria zinatofautiana. Kenya, kwa sheria za mwaka 2019, ilitenganisha: NuPEA inasukuma mpango wa kituo cha kwanza, huku KNRA ikiwa mdhibiti. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walioandamana mwaka 2024 kupinga kituo kujengwa kwao walikuwa wakibishana na NuPEA. Siku maombi ya leseni yatakapowasilishwa, wa kubanwa kwa maswali atakuwa KNRA. Ghana nayo ilimtoa mdhibiti wake ndani ya tume ya atomu mwaka 2015.

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003. Wafanyabiashara wa vyakula vya kuingiza na kusafirisha nje wanaijua vizuri kwa vyeti vya kupima mionzi, na hospitali zinaijua kwa ukaguzi wa mashine za eksirei. Sheria hiyo hiyo inaipa pia kazi ya kuhamasisha matumizi salama ya teknolojia ya nyuklia. Kwa eksirei na mizigo ya unga wa maziwa, kofia mbili juu ya kichwa kimoja hazijaleta balaa. Mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, ambako kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kilizinduliwa Julai 2025, ni uzito wa aina nyingine, na viongozi wameshataja nia ya kuitumia urani hiyo kwa umeme siku za usoni. Kumwandaa mkaguzi anayeweza kuirudia hesabu ya mwenye kinu na kumwonyesha alipokosea huchukua miaka 10 au zaidi. Saa hiyo huanza kuhesabu siku anapopelekwa chuoni, si siku kinu kinapoagizwa.