Kabla hujaiandikia kampuni, hesabu maswali ya watazamaji wako

Kwa miaka minne nilisoma barua za watu kama mimi wa leo, watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni wanaotafuta kazi kwa kampuni. Nilikuwa nimeajiriwa na wakala mmoja wa matangazo pale Kilimani, na kila Jumatatu nilikuta vijana wa Nairobi wamejipanga kwenye baruapepe wakijinadi: wa mapishi, wa mitindo, wa vichekesho, wa kukagua simu za Luthuli Avenue. Wateja wetu waliuza unga, sabuni na maziwa. Bosi alitaka nimchujie majina matano kabla ya chai ya saa nne.

Basi nilichuja hivi. Barua iliyoanza na "mimi ni mtengenezaji wa maudhui mwenye wafuasi 80,000 na ningependa kushirikiana nanyi" niliiacha hapo hapo. Sikuwa na dharau. Mteja alikuwa ameniuliza swali moja, kwa mfano kwa nini unga wake mpya unakaa rafuni, na barua hiyo haikujua kwamba kuna unga.

Siku moja ikaja barua ya mistari sita kutoka kwa dada wa Githurai mwenye wafuasi 6,200. Naikumbuka karibu neno kwa neno:

"Habari za asubuhi. Huwa napika chapati na kuzionyesha TikTok. Video yangu ya wiki jana ina maoni 214. Kati ya hayo, 37 ni ya akina mama wanaosema chapati za unga wenu wa atta zikilala zinakuwa ngumu. Nimejaribu nyumbani. Wanakanda kwa maji yale yale ya unga mweupe, na atta ina pumba, inataka maji zaidi na kupumzishwa kabla ya kusukumwa. Naweza kuwaonyesha kwa dakika moja na nusu. Nitume mfano?"

Mteja wetu alikuwa anailaumu bei. Alikuwa ameshapanga kuipunguza. Huyu dada, kwa kusoma tu maoni chini ya video yake, alijua kitu ambacho kampuni nzima haikukijua, na akaja na dawa yake mkononi. Alipata kazi mbele ya kijana mwenye wafuasi 180,000 ambaye, tulipodai takwimu zake, nusu ya watazamaji wake waligeuka kuwa wa nchi ambazo unga ule haufiki.

Tangu nijitegemee, sianzi barua na sentensi bali na daftari. Nachukua video zangu kumi za mwisho na kuhesabu maswali, si sifa. "Uko vizuri dadangu" haiuzwi. "Hiyo sufuria umeitoa wapi, yangu ya Kamukunji inashika chini" ndiyo bidhaa yangu. Maswali yanayojirudia mara ishirini au thelathini ni tatizo la kampuni fulani, na kampuni hiyo haijui kwamba limejaa kwenye ukurasa wako. Ukituma picha za maoni hayo, funika majina na nyuso za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Takwimu nyingine weka chache. Watazamaji wako wako miji gani, wana umri gani, na kati ya waliofikiwa na video ni wangapi walioihifadhi au kumtumia mwenzao. Video iliyofikia watu 9,000 na kuhifadhiwa na 540 ina asilimia 6, na kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko kupendwa mara elfu tatu. Mtu huhifadhi kitu anachokusudia kukirudia akiwa jikoni au dukani. Kupenda ni kidole tu kimepita.

Unamtumia nani? Si ile anwani ya jumla iliyo kwenye tovuti, inayosomwa na mpokea malalamiko. Tafuta LinkedIn anayesimamia masoko ya bidhaa hiyo moja, au uliza ni wakala gani aliyefanya tangazo lao la mwisho. Na wahi. Shule zetu hufunguliwa Januari, lakini nilipokuwa kwa wakala pesa za madaftari na viatu vya Januari ziligawanywa Oktoba. Ramadhani nayo huwahi kwa siku kama 11 kila mwaka, na kila mwaka kuna mtu anayeandika kuhusu tende mwezi ukiwa umeshaandama.

Sasa bei, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea niliuza video ya sekunde 40 kwa shilingi 25,000. Tulikubaliana kwenye WhatsApp: "video moja", basi. Miezi mitano baadaye dada yangu akanipigia simu akiwa supamaketi Rongai. "Wewe, mbona uko kwenye skrini hapa juu ya mizani ya nyanya?" Nilikuwepo kweli, na nilikuwepo pia kwenye matawi mengine, na kwenye matangazo ya kulipia ya Facebook. Niliandika kulalamika. Nilijibiwa kwa adabu kwamba video ni yao.

Nilipokwenda kwa wakili ndipo nikafunguka macho. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabika imehamia kwake aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vinginevyo. Soma tena hapo mwisho. Ukinyamaza, umetoa. Wengi wetu tunadhani ni kinyume chake, kwamba kwa kuwa sura ni yangu na simu ni yangu basi na video ni yangu.

Kwa hiyo siku hizi bei yangu haiji kwa pamoja. Kuitengeneza video ni fedha yake. Kuiweka kwenye ukurasa wangu ni fedha nyingine, maana hapo ananunua masikio ya watu niliowalea miaka mitatu. Kampuni ikitaka kuitumia yenyewe, naandika wapi na kwa miezi mingapi: kurasa zao miezi mitatu ni bei hii, skrini za dukani ni bei ile, runinga na mabango tuzungumze upya. Ikitaka kuilipia isambae kupitia akaunti yangu, hiyo nayo ina mstari wake. Na wakisema nisifanye kazi na mshindani wao, nauliza mshindani ni nani na hadi lini. Niliwahi kuletewa mkataba ulionizuia "bidhaa zote za vyakula" kwa miezi sita kuanzia Agosti. Mimi napika! Msimu mzima wa Krismasi ungepita nikionyesha maji ya moto.

Bidhaa za bure sizikatai zote. Ukiwa na wafuasi 800, kreti ya maziwa ya mtindi na ruhusa ya kutumia matokeo kama ushahidi ni mtaji. Lakini wape idadi: mara moja, mara mbili, kisha bei. Na msidharau wenye maduka. Muuza mapazia wa Eastleigh hana meneja wa masoko wala mkataba wa kurasa tisa, ila anakulipa M-Pesa kabla hujafika kituo cha matatu, na wiki inayofuata anakwambia wateja wangapi walitaja jina lako. Idadi hiyo ndiyo unayoipeleka kwa kampuni kubwa.

Kampuni kubwa hulipa pole pole, siku 60 ni kawaida, nami huomba nusu kabla ya kuwasha kamera. Wengine hukubali. Andaa PIN ya KRA, mamlaka yetu ya mapato, na ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, mapema, kwa sababu tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kuhesabu malipo yako kama gharama yake kwenye kodi bila ankara hiyo, na mhasibu atairudisha hata kama meneja anakupenda. Watakata pia asilimia 5 ya kodi ya zuio. Mswada wa Fedha wa 2023 ulitaka 15, sheria ikatoka na 5. Kwenye kazi ya shilingi 40,000 utapokea 38,000. Zile 2,000 hazijapotea. Dai cheti chake, kitakusaidia unapojaza ritani ya kodi kabla ya Juni 30.

Usipojibiwa, ngoja wiki moja kisha andika tena, lakini si "nafuatilia barua yangu ya awali". Meneja anajua iliko. Mpelekee kitu ambacho hakikuwepo wiki jana.

Yule dada wa Githurai alilijua hilo bila kufundishwa. Wiki tatu baada ya video ya chapati kutoka, alituma mstari mmoja: "Sasa wanauliza kama atta inafaa mandazi. Nimejaribu mara mbili, bado hayajawa." Mteja alimpigia siku hiyo hiyo, akamtumia mfuko wa kilo 24 wa kuendelea kujaribu, na safari hii mkataba ulikuja na mstari wa kulipia majaribio.