Kisaidizi cha sauti bila intaneti: yanayoaminiwa na ukweli wake

Wanaotumia simu kwa kuisemesha huwa na imani mbili zinazopingana. Wapo wanaosema bando likiisha kisaidizi nacho kimekufa. Wengine wanasema ukishapakua kifurushi cha lugha, huna haja tena ya mtandao kwa jambo lolote. Zote mbili si sahihi, na anayeumizwa zaidi nazo ni mtu asiyeona skrini au asiyeweza kuishika simu, kwa sababu kwake sauti ndiyo njia ya kumpigia mtu na kuomba msaada. Yeye na wanaomwandalia simu ndio tuliowafikiria zaidi katika maelezo haya.

Amri tutakazozitaja hapa kwa Kiswahili zitatamkwa kwa lugha ambayo kisaidizi chako kimewekewa.

"Bila data, kisaidizi hakifanyi kitu"

Kwa Siri, kisaidizi cha sauti cha iPhone, hii ilikuwa kweli kwa miaka mingi. Ilipotoka na iPhone 4S mwaka 2011, sauti ya mtumiaji ilipelekwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali, ikageuzwa maandishi huko, ndipo jibu likarudi. Mtandao ukikatika, hata kengele ya asubuhi haikuwekeka. Mambo yalibadilika mwaka 2021 kwa iOS 15, mfumo wa uendeshaji wa iPhone: simu zenye chipu ya A12 Bionic au mpya kuliko hiyo, yaani kuanzia iPhone XS na XR za mwaka 2018, zinatambua matamshi ndani ya simu yenyewe kwa lugha kadhaa. Simu hizo zikiwa hazina mtandao bado zitaweka kengele na kipima muda, zitafungua programu, zitabadilisha mipangilio, na zitasimamisha au kuendeleza muziki uliohifadhiwa. Upande wa Android, kuandika kwa kutamka bila mtandao kulianza mapema zaidi, na Android 4.1 ya mwaka 2012.

Ukitaka kujua amri gani itafanya kazi, usikitazame kisaidizi kama kitu kimoja. Kuna kazi tano zinazofuatana: kusikia neno la kuamshia (kama "Hey Siri"), kugeuza sauti kuwa maandishi, kuelewa kinachoombwa, kutekeleza, na kujibu kwa sauti. Kila moja inaweza kufanyika ndani ya simu au nje yake. "Weka kipima muda cha dakika kumi" inaweza kuanza na kuisha ndani ya simu. "Kesho mvua itanyesha?" inaweza kusikika vizuri kabisa, ikaandikwa neno kwa neno kwenye skrini, kisha ikakwama kwenye kazi ya nne kwa sababu utabiri wa hewa haumo kwenye simu. Mtu akiona hivyo hudhani simu haikumsikia, akarudia swali kwa sauti ya juu zaidi. Imemsikia. Inachokosa ni jibu.

"Nimepakua kifurushi cha lugha, basi kila kitu kitaenda"

Kifurushi hicho ni masikio tu, si kichwa. Kinajua sauti zinavyoungana kuwa maneno na maneno gani hufuatana. Hakina habari, bei, matokeo ya mechi wala ratiba za ndege. Ndiyo maana kinaweza kuwa kidogo. Machi 2019 Google ilitoa kitambuzi cha ndani ya simu kwa kibodi ya Gboard, kwa Kiingereza cha Marekani kwenye simu za Pixel. Mtambo wa aina ya zamani ulihitaji takriban GB 2 kwa ajili ya sehemu moja tu, ile ya kutafuta maneno. Mtambo mpya ulikuwa na MB 450, na namba zake zilipopunguzwa usahihi ili kila moja ichukue nafasi ndogo, ukashuka hadi MB 80. Nafasi hiyo inatosha kusikia lugha moja. Haitoshi kujua yanayotokea duniani.

Kwenye simu nyingi za Android njia ni hii: fungua Mipangilio, ingia Google, kisha sehemu ya utafutaji, mratibu na sauti, halafu Sauti, halafu utambuzi wa matamshi nje ya mtandao. Majina hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji, kwa hiyo ukikwama andika "matamshi" au "sauti" kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, subiri mpaka lugha ionekane kwenye orodha ya zilizosakinishwa, na usiishie hapo. Nenda kwenye mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa usemi, hakikisha sauti ya lugha hiyohiyo nayo imepakuliwa. Simu yenye masikio bila sauti itatekeleza amri kimyakimya, na asiyeona skrini hatajua kama kengele imewekwa au la. Kwenye iPhone hakuna orodha ya vifurushi vya Siri ya kupitia. Ukishachagua lugha, simu hujipakulia yenyewe ikiwa na intaneti.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la lahaja. Mtu amepakua Kiingereza cha Marekani, ilhali kisaidizi kimewekewa Kiingereza cha Uingereza. Kwa simu hizo ni lugha mbili tofauti zenye vifurushi viwili tofauti. Mtandao ukiwepo tofauti hiyo haionekani kwa sababu seva inafidia. Ukikatika, kifurushi kilichopo hakitumiki. Linganisha jina la lugha kwenye kisaidizi, kwenye kibodi na kwenye orodha ya vifurushi. Yote matatu yafanane mpaka jina la nchi.

"Simu inaandika Kiswahili nikiongea, kwa hiyo nitaiamuru kwa Kiswahili bila mtandao"

Hapa panahitaji uangalifu. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa kutamka Agosti 2017, pamoja na lugha nyingine, na wengi wamezoea kuamrisha kibodi iwaandikie ujumbe. Lakini hiyo ni kazi moja kati ya zile tano. Siri haina Kiswahili. Mratibu wa Google (Google Assistant) wa zamani hakuwa nacho. Gemini, kisaidizi kipya cha Google, inakielewa, ila uelewa wake unategemea seva. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka amri za bila mtandao atalazimika kuzitoa kwa lugha nyingine, mara nyingi Kiingereza. Tunalisema hili kwa masikitiko, kwani wanaohitaji huduma hii zaidi ni walewale ambao Kiingereza hakiwatoki kwa urahisi.

Kuna njia ya kupunguza taabu. Amri za bila mtandao ni chache na ni fupi, hivyo mtu anaweza kujifunza sita au saba kwa matamshi tu: kupiga simu, kengele, kipima muda, tochi, sauti juu, sauti chini. Tatizo kubwa hubaki kwenye majina ya watu. Kitambuzi cha Kiingereza kikisikia "Mwanahamisi" kitaandika kitu kingine kabisa. Fungua anwani ya mtu huyo, ongeza sehemu ya jina la utani, weka jina fupi ambalo lugha ya kisaidizi inalijua, kisha jaribu kumpigia kwa jina hilo. Usiwape watu wawili majina yanayokaribiana kwa sauti.

"Mtandao hafifu ni afadhali kuliko kukosa kabisa"

Kwa kuvinjari, ndiyo. Kwa kisaidizi cha sauti mara nyingi ni kinyume, na dhana hii ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi kuliko nyingine zote.

Simu isiyo na mtandao kabisa inajua hali yake, hivyo inaelekea moja kwa moja kwenye kitambuzi cha ndani. Simu iliyoshikilia mnara wa mbali, au iliyounganishwa na Wi-Fi ambayo bando lake limekwisha, inaamini imeunganishwa. Inatuma ombi, inasubiri, inajaribu tena, na mwishowe inatoa kosa bila kujaribu njia ya ndani. Dalili yake ni kisaidizi kinachoamka haraka, kinachoonyesha kwamba kinasikiliza, kisha kinazunguka kwa sekunde kadhaa na kuomba radhi.

Dawa yake ni kuukata mtandao kwa makusudi. Ila usikimbilie hali ya ndegeni, maana hiyo inazima pia redio ya laini, na pamoja nayo simu za kawaida na SMS. Zima data ya simu na Wi-Fi peke yake. Laini inabaki hewani, unaweza kupiga na kupigiwa, na kisaidizi kinaacha kusubiri seva. Kwa mtu anayeishi mahali penye mtandao wa kusuasua, mpangilio huu unafaa kuwa wa kila siku, data ikiwashwa pale tu inapohitajika.

"Bila intaneti huwezi kupiga simu kwa sauti"

Intaneti na mtandao wa laini ni vitu viwili. Simu ya kawaida na SMS hupita kwenye laini na hazihitaji bando la data. WhatsApp na iMessage (huduma ya ujumbe ya iPhone) zinahitaji. Kwa hiyo ukisema "mtumie kaka ujumbe" bila data, hakikisha simu imewekewa kutuma SMS, la sivyo ujumbe utaandikwa vizuri na kukaa kwenye foleni ukisubiri.

Jambo jingine hulaumiwa mtandao bila kosa lake. Simu ikizimwa na kuwashwa, taarifa za mtumiaji hubaki zimefungwa mpaka nenosiri la skrini liingizwe kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo iPhone haitikii neno la kuamshia, na simu nyingi za Android hazioni orodha ya anwani. Anayetegemea sauti peke yake asiizime simu usiku kama hana wa kumfungulia asubuhi.

"Kama inasikia neno la kuamshia, basi inatuma kila ninachosema"

Neno la kuamshia husikilizwa na kitambuzi kidogo kinachoendeshwa na sehemu ya chipu inayotumia umeme kidogo sana. Ndicho kinachofanya kazi hata ukiwa umezima kila aina ya mtandao. Fanya hesabu mwenyewe: sauti ya kutambua matamshi kwa kawaida ina sampuli 16,000 kwa sekunde, za biti 16, yaani kilobaiti 32 kila sekunde. Kwa saa 24 hiyo inapita GB 2.7. Hata ikibanwa mpaka kilobaiti 2 kwa sekunde, ni zaidi ya MB 170 kwa siku. Fungua ukurasa wa matumizi ya data uone kama kiasi hicho kimo.

Hatari halisi iko kwingine: simu inapodhani imeitwa, kumbe haikuitwa. Ikiwa na mtandao, sehemu ya mazungumzo yanayofuata inaweza kwenda kwenye seva. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa mikataba walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za Siri na za Google. Apple ilisitisha utaratibu huo, kisha ikaufanya wa hiari. Elewa pia kwamba sauti kutambuliwa ndani ya simu hakumaanishi ombi linabaki humo. Mtandao ukiwepo, maandishi ya ulichosema bado yanaweza kutumwa.

"Bila data simu haijui ilipo"

GPS haitumii bando. Setilaiti zinatuma, simu inasikiliza. Data husaidia kuharakisha mwanzo tu: bila msaada huo simu lazima ipokee taarifa za mzunguko kutoka kwa setilaiti zenyewe, ambazo hurudiwa kila sekunde 30, na penye majengo marefu inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kinachokosekana ni ramani. Pakua eneo lako kwenye Google Maps mapema nayo itakuelekeza kwa sauti ukiwa kwenye gari, bila taarifa za foleni. Maelekezo ya kutembea kwa miguu hayapatikani nje ya mtandao, na asiyeona anapaswa kulijua hilo kabla hajatoka nyumbani.

"Kitambuzi cha ndani ni dhaifu, hakitegemeki"

Kwa amri fupi mara nyingi hujibu haraka kuliko seva, kwa kuwa hakuna safari ya kwenda na kurudi. Udhaifu wake huonekana kwenye imla ndefu, majina adimu, kelele, na sentensi inayochanganya lugha mbili. Shika maikrofoni karibu, sema amri moja kwa pumzi moja, usichanganye lugha.

Kwa anayehitaji kuendesha simu nzima kwa sauti, kisaidizi si chombo sahihi hata kidogo. Kwenye iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019, ipo Voice Control: faili zake hupakuliwa mara moja kupitia Wi-Fi, na baada ya hapo haihitaji intaneti. Inaweka namba juu ya kila kitufe kwenye skrini, unataja namba na kitufe kinabonyezwa. Android ina Voice Access inayofanya kazi kwa mtindo huohuo. Pakua kifurushi cha lugha yake kabla.

Ukishamaliza kuandaa, pima. Washa hali ya ndegeni, hakikisha Wi-Fi haikujiwasha tena, kisha amsha kisaidizi kwa neno lake bila kugusa simu. Weka kipima muda cha dakika moja na usubiri kilie. Washa tochi, izime. Fungua programu moja. Toka hali ya ndegeni huku data na Wi-Fi zikiwa zimezimwa, umpigie mtu kwa jina. Amri iliyoshindwa mara mbili iondoe kwenye orodha ya kutegemea, na urudie kipimo kila mara mfumo wa simu unaposasishwa, kwa sababu masasisho huweza kubadilisha lugha ya kisaidizi au kuondoa kifurushi bila kukuarifu.