Vox AC30: sauti iliyotokana na ubovu

Mezani kwangu leo ipo Vox AC30, amplifaya ya gitaa. Nimefungua ubao wa nyuma, nimeiwasha, na valvu, vile vibomba vya kioo vinavyokuza sauti, zimeshaanza kung'aa rangi ya chungwa. Nachukua kijiti cha mbao, nagonga taratibu kioo cha valvu ya kwanza. Spika inaitika: ting! Valvu hii imegeuka maikrofoni. Kila mtikisiko unaoipata unatokea kwenye spika. Ugonjwa huu ndio ulioipa AC30 umbo tunalolijua.

Asili yake ni Dartford, katika jimbo la Kent, Uingereza. Tom Jennings alikuwa akiuza vinanda vya umeme. Dick Denney, mpiga gitaa waliyefahamiana kiwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akamletea amplifaya aliyoibuni mwenyewe. Mwaka 1958 ikaingia sokoni kwa jina Vox AC15: wati 15, valvu mbili za EL84 za kusukuma spika, na mwanzoni kabisa EF86, valvu ndogo yenye uwezo mkubwa wa kukuza sauti hafifu ya gitaa. Mimi ninaipenda mno AC15. Ni tamu.

Lakini The Shadows, bendi iliyompigia Cliff Richard, walikuwa wakimezwa na mayowe ya mashabiki. Wakataka nguvu zaidi. Mwaka 1959 ikatoka AC30: EL84 nne, na baadaye spika mbili za Celestion za inchi 12, zote ndani ya sanduku moja na valvu.

Hapo EF86 ikashindwa. Spika zinatikisa sanduku, sanduku linaitikisa valvu, valvu inapeleka mtikisiko huo tena kwenye spika, na amplifaya inavuma yenyewe hata kabla hujagusa uzi. Vox wakaiondoa, wakaweka ECC83, valvu ya aina nyingine inayostahimili zaidi. Wapigaji nao walikuwa wakidai sauti kali zaidi juu, ndipo ikaja Top Boost, saketi ya ziada yenye nobu mbili, trebo (sauti za juu) na besi (sauti za chini), iliyofungwa nyuma ya amplifaya. Baadaye ikajengwa humo humo. Ule mlio wa kengele ambao watu huuita "sauti ya Vox" umetoka hapo kwa sehemu kubwa, ingawa Brian May wa Queen hutumia chaneli ya kawaida, akitanguliza kifaa chake cha kuongeza trebo.

The Beatles walianza kutumia amplifaya za Vox mwaka 1962, na kiwanda kikaelemewa na oda. Jennings alipoteza umiliki wa kampuni mwaka 1964, akaondoka 1967. Jina la Vox likapita mikono mingi hadi Korg, kampuni ya Japani ya ala za muziki, walipolichukua mwaka 1992.

Hii ya mezani ni ya ECC83, na hata hizo huchoka. Nimezima, nimechomoa waya, na sasa napima kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme, kwa mita mpaka isome sifuri, maana humu hukaa zaidi ya volti 300 hata umeme ukishakatwa. Kisha ndipo nitatia mkono.