Filamu ya Noir Si Lazima Iwe Fumbo la Kumsaka Muuaji

Wengi wanaotazama kwa mara ya kwanza filamu ya kusisimua ya mtindo wa noir, yaani wa hadithi za uhalifu zenye giza, uliostawi Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, huamini kwamba kazi yao ni kumtambua muuaji, na kwamba anayewatajia jina lake mapema amewaharibia uhondo.

Dhana hiyo haiwezi kusimama mbele ya Double Indemnity, iliyoongozwa na Billy Wilder mwaka 1944. Filamu ikiwa ndiyo kwanza imeanza, Walter Neff, wakala wa bima wa Los Angeles, anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi, anaketi mbele ya kinasa sauti na kukiri kwamba aliua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na kwamba hakupata chochote kati ya hivyo viwili. Fumbo limekwisha, hofu ndiyo inaanza. Tunapomwona Phyllis, mwanamke huyo aliyeshirikiana na Neff, akijibanza nyuma ya mlango wa nyumba ya Neff huku Keyes, mchunguzi wa madai na rafiki wa Neff, akisimama hatua chache tu kutoka hapo, tunabana pumzi kwa sababu tunajua yale asiyoyajua Keyes.

Zipo filamu za noir za upelelezi, kama The Maltese Falcon ya 1941, ila hata humo maovu ya wahusika yanavutia kuliko jibu lenyewe.