Mtoto Aliye ICU (Chumba cha Wagonjwa Mahututi) Baada ya Upasuaji: Alishwe Mapema, Asikatizwe Ovyo

Baada ya upasuaji mkubwa, mwili wa mtoto huvunja misuli yake ili upate protini ya kuponyesha kidonda na kupambana na maambukizi. Misuli ya kupumulia nayo huliwa, ile ile anayoitegemea siku ya kuachishwa mashine ya kupumulia. Ndiyo maana maziwa kupitia mpira wa puani huanza ndani ya saa 24 hadi 48, mradi mzunguko wa damu umetulia. Kama utumbo ulikatwa na kuungwa, daktari wa upasuaji ndiye anayetoa ruhusa. Kusubiri tumbo lianze kunguruma hakuna faida.

Chukua mtoto wa kilo 8. Siku za mwanzo anahitaji takribani kilokalori 450 kwa siku. Kumzidishia huongeza hewa chafu ambayo mapafu lazima yaitoe. Protini ni angalau gramu 1.5 kwa kila kilo, yaani gramu 12. Tunaanza na mililita 8 kwa saa, tunaongeza kidogo kidogo hadi 25, sawa na mililita 600 kwa siku. Maziwa ya mama ya kiasi hicho yanatoa kilokalori 400 hivi, lakini protini ni gramu 6 au 7 tu. Hapo mtaalamu wa lishe anaongeza kirutubisho cha protini, na maziwa ya mama yanaendelea.

Kinachowaangusha watoto wengi ni kusimamishwa. Maziwa yanazimwa kwa ajili ya picha, kisha kubadilisha mpira, kisha kujiandaa kutoa mashine, na hakuna anayekumbuka kuyawasha. Saa 6 zikipotea, mtoto huyu amekosa mililita 150, robo ya chakula cha siku nzima. Kila anayesimamisha aandike saa na sababu, pamoja na saa ya kuanza tena.

Kabla ya kulisha, hakikisha mpira uko tumboni: majimaji yanayovutwa yawe na pH (kipimo cha asidi) ya 5.5 au chini, vinginevyo piga eksirei. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu kumeshawadanganya wengi. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45.

Mama, tunajua uchungu wa kumwona mwanao halishwi kwa mkono wako. Lakini uji wa chupa ya chai usipitishwe kwenye mpira. Ukiwa mzito unaziba. Ukiongezwa maji, unajaza tumbo bila kumpa nguvu. Msaada mkubwa kutoka kwako ni maziwa: kamua mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, kwenye chombo safi chenye jina na saa.

Mtoto aliyeingia akiwa na utapiamlo mkali anaongezewa taratibu zaidi. Akishibishwa ghafla, madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Vipimo hivyo vichukuliwe kila siku, na thiamini (vitamini B1) itolewe kabla ya kuanza.

Matapishi ya kijani, tumbo linalovimba na kukaza, au damu kwenye choo: simamisha maziwa, mwite daktari wa upasuaji hapo hapo. Kwa aliyepasuliwa moyo, maji ya kifuani yakigeuka meupe mara maziwa yalipoanza, huenda mrija wa limfu, unaobeba mafuta ya chakula kutoka utumbo, umejeruhiwa. Anabadilishiwa maziwa yenye mafuta maalumu yasiyopita njia hiyo.