Ati ukiumia barabarani shauri yako: mambo tunayodanganyana kuhusu ajali na fidia

Nduguangu mdogo aligongwa na matatu akiwa amebebwa na boda huku Nakuru, mguu ukavunjika mahali mbili, na ile wiki ya kwanza pale wodini nilisikia ushauri wa kila aina, jirani wa kitanda ana lake, watu wa boda wana lao, shangazi naye anapiga simu na lake, na saa hii nikikaa chini nikiangalia naona karibu yote yalikuwa uongo na mengine yalitugharimu pesa kabisa. Ndio maana naandika, juu najua leo kuna mtu mwingine amelala pale pale anaambiwa maneno yale yale.

Wacha nianze na mashetani. Sisi hapa Kenya tumekua tukiambiwa Salgaa na Sachangwan, kwa ile barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kuna kitu kinataka damu, na watu wa Tharaka Nithi wanasema hivyo hivyo kuhusu daraja la Nithi. Sasa sikizeni venye ilivyo. Hapo Salgaa, kutoka kule juu barabara inateremka muda mrefu sana, na madereva wengi wa malori walikuwa na tabia ya kutoa gia wanaachilia lori iteremke na frii ndio waokoe mafuta, na ukishatoa gia injini haikusaidii tena kushika gari, kazi yote inaachiwa breki, breki zinashika moto, na zikishika moto hata ukanyage namna gani hazishiki, lori na mzigo wake linaingia upande wa wenzake. Tarehe 31 Desemba 2017 pale Migaa, karibu na Sachangwan, basi na lori ziligongana watu 36 wakafa. Baada ya hapo ndio serikali ikapanua ile barabara na kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Nithi pia ni hivyo, mteremko mrefu, kisha kona, kisha daraja, na Julai 2022 basi lilitoka hapo likaanguka bondeni watu zaidi ya 30 wakapotea.

Hii ya mashetani inaniuma sana kwa sababu ukishasema ni shetani hutauliza breki zilikaguliwa lini, nani mwenye gari, dereva alikuwa ameendesha masaa mangapi bila kulala. Na kesi ya fidia yote inasimama hapo hapo, kwa uzembe wa mtu. Ile ya "ni mapenzi ya Mungu tusamehe" naiheshimu, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, lakini kumsamehe dereva hakulipi bili ya hospitali. Kenya tunapoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani, na kundi kubwa kuliko mengine ni watu wanaotembea kwa miguu tu.

Kuna wale wanakuambia ati hospitali haiwezi kukuguza mpaka polisi waje na karatasi. Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Karatasi zinafuata.

Na hizo karatasi zenyewe watu wanazichanganya. Abstrakti ya polisi ndio inaonyesha ajali ilitokea wapi, gari gani na bima ya kampuni gani, fomu ya P3 nayo unapewa na polisi inajazwa na daktari ikionyesha umeumia kiasi gani. Kabla ya zote mbili, hakikisha ajali imeandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na nambari unayo. Sisi tulikaa karibu mwezi tukidhani polisi wameshaandika kila kitu, kumbe waliandika matatu na boda peke yake, abiria hayuko. Nduguangu, mwenye mguu umevunjika, hayuko!

Sasa hii ndio kubwa, "dereva akipelekwa kortini tutalipwa." Ile kesi ya trafiki ni ya serikali na dereva, akipatikana na makosa atalipa faini au afungwe, faini inaenda kwa serikali na wewe hupati hata bob. Fidia ni kesi nyingine ya madai, unaifungua wewe. Hukumu ya trafiki inasaidia, juu dereva akishapatikana na hatia ni ushahidi mzito sana kwa kesi yako, lakini hata akiachiliwa bado unaweza kushinda yako kwa sababu kiwango cha ushahidi si kimoja.

"Dereva mwenyewe hana kitu, tutamshtaki tupate nini?" Huyu dereva hayuko peke yake. Sheria ya trafiki inamchukulia yule ambaye jina lake liko kwa logbuku, ile hati ya usajili wa gari, kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na jina hilo unaweza kulitafuta kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukiwa na nambari ya gari. Halafu kuna bima, ile stika kwa kioo si ya kuonyesha polisi tu, bima ya third party inalazimishwa na sheria kwa ajili ya mtu kama nduguangu, mtu wa nje aliyeumizwa na gari. Kampuni inabanwa kulipa mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, ikizidi hapo unamfuata mwenye gari. Lakini kampuni lazima ipewe notisi ya kesi kwa wakati, isipopewa inaweza kukataa, na hapo ndio watu wengi wanashinda kesi na hawaoni pesa.

Mahali bima inateleza ni hapa. Abiria wa matatu analindwa, lakini ukipewa lifti ya bure kwa gari la mtu binafsi, sheria haimlazimishi mwenye gari kuwa na bima yako, unaweza kumshtaki yeye lakini hiyo stika isikupe matumaini mengi. Na kama wewe ni makanga wa matatu au tanboi, yule msaidizi wa dereva wa lori, umeumia ukiwa kazini, njia yako kwanza ni WIBA, sheria ya 2007 ya walioumia kazini, mwajiri anapaswa kuambiwa mara moja na ofisi ya usalama kazini inahusishwa. Matanboi wengi hawajui hii, wanapewa elfu mbili ya dawa na kuambiwa wapone haraka.

Tuliambiwa pia ati kwa vile hakuvaa helmeti basi amepoteza haki yote. Si kweli. Korti inagawa makosa, wanaweza kusema wewe ulichangia asilimia fulani, hiyo inakatwa kwa fidia, ingine unapata.

Muda nao si wa kuchezea. Kufungua kesi una miaka 3 tangu siku ya ajali, na kama ni gari la serikali ni miezi 12 tu. Na hata kabla ya muda kuisha, mashahidi wanahama, wengine wanabadilisha simu. Risiti weka zote, hata ya teksi ya kwenda kliniki na ya mikongojo, hata meseji za M-Pesa, juu kwa gharama ulizotumia korti inataka ushahidi wa kila shilingi.

Mabroka wa wodini sasa. Anakuja na shati safi, anakujua jina, anakuambia loya wake hatakuomba kitu mpaka mshinde. Sheria ya mawakili wetu haikubali mkataba wa wakili kulipwa tu kama ameshinda, kwa hivyo anayekuanzia hivyo uliza maswali. Majina ya mawakili wenye leseni yanatafutwa kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, ni dakika mbili tu. Huna pesa kabisa? Kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016, watu hawaiulizii.

Sisi hatukujua hizi zote. Jamaa alikuja pale kitandani akajiita ajenti wa bima, akatoa elfu sitini taslimu, bili ilikuwa inapanda kila siku na nduguangu alikuwa na maumivu, akasaini kwamba amelipwa na hadai tena. Ile siku hakuna mtu alifikiria chuma kilichowekwa ndani ya mguu, kwamba kitahitaji operesheni ingine ya kukitoa, na kwamba gharama kama hiyo ya mbele unaweza kuidai ikiwa daktari ameiandika na imetajwa kwa kesi. Chuma bado kiko ndani, baridi ya Julai ikiingia hapa Nakuru hawezi kushuka ngazi. Karatasi aliyosaini ilikuwa nusu ukurasa, ya Kizungu, na hakuna mtu alimsomea.