Pikipiki ya Mbio Iliyotumika: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Yenye kilomita chache ndiyo bora.

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wanunuzi wengi. Kilomita chache huenda zikamaanisha tu kwamba pikipiki ilikaa bandani muda mrefu, na pikipiki iliyokaa huharibika kwa namna yake: petroli huchacha na kuziba nozeli zinazoingiza petroli kwenye injini, mafuta ya breki hunyonya unyevu, betri hufa, na tairi hukakamaa na kufanya nyufa hata kama kashata zake (meno yake) bado ni nzima. Umri wa tairi husomeka ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kwa upande mwingine, Yamaha YZF-R6 imepangiwa ukaguzi wa valvu kila baada ya takriban kilomita 40,000, kwa hiyo iliyotembea kilomita 30,000 huku ikibadilishwa oili kwa wakati haijachoka hata kidogo. Mita ya kilomita nayo huweza kubadilishwa. Ikionyesha kilomita 3,000 ilhali mpira wa pedali ya gia umelika hadi chuma kinaonekana, uamini mpira.

Dhana: Plastiki zikiwa safi, haijawahi kuanguka.

Plastiki za ubavuni ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa baada ya ajali, na za kuigiza hupatikana kwa bei nafuu. Tazama ncha za usukani, ncha za mikono ya breki na klachi, vikanyagio na mifuniko ya injini. Kisha zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, umulike kwa tochi vizuizi vya usukani vilivyo chini ya shingo ya fremu, pale usukani unaposhikana na fremu. Kizuizi kilichobonyea au kupinda ni dalili ya kishindo ambacho rangi mpya haikifichi. Mkwaruzo mdogo upande mmoja si neno, kwani pikipiki nyingi huanguka zikiwa zimeegeshwa.

Dhana: Cc 600 ni ya kujifunzia, kwa kuwa si cc 1000.

R6 ina cc 599 tu, lakini hutoa zaidi ya nguvu farasi 100, yaani zaidi ya kilowati 74. Katika Umoja wa Ulaya, leseni ya pikipiki ya daraja la kati, A2, huishia kilowati 35, na pikipiki iliyopunguzwa nguvu haikubaliki ikiwa nguvu yake ya asili ilizidi kilowati 70. R6 imevuka kiwango hicho. Anayeanza atafaidi zaidi Kawasaki Ninja 400.

Dhana: Ikiwaka mara moja, injini ni nzima.

Muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika. Gusa injini kwanza; ikiwa ya moto, omba kurudi asubuhi, kwa sababu moshi wa bluu na milio ya cheni ya ndani hujitokeza zaidi injini ikiwa baridi. Ikishawaka, pima betri kwa kifaa cha kupimia volti: mfumo wa kuchaji ulio mzima hutoa takriban volti 14 injini ikizungushwa kiasi.

Dhana: Karatasi hushughulikiwa baada ya malipo.

Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo, na namba ya injini zilinganishwe na kadi ya usajili ya TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, au na kumbukumbu za NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, kabla ya kutoa chochote. Muuzaji akisema kadi iko kwa kaka yake mkoani, fedha zibaki mfukoni hadi kadi ifike.